Mashavu yalizama kwa dawa za zamani, nichome fila ya kudumu?

BARUA

Habari za kazi, ndugu wa safu ya afya.

Nina miaka 47, nafanya biashara ya vitenge. Natumia dawa za kufubaza VVU tangu 2006. Zile za mwanzo nilizopewa CTC, kliniki ya wenye VVU, zilikuwa na stavudini. Nilizitumia miaka kama minne, uso ukaanza kuisha: mashavu yakaingia ndani, panja zikabonyea, miguu ikabaki mishipa mitupu. Nikabadilishiwa dawa. Sasa nameza kidonge kimoja kwa siku, virusi havionekani kwenye kipimo, uzito ni kilo 64. Ila uso haukurudi. Wateja huniuliza kama naumwa, na wa rika langu wanaoujua uso wa namna hii hawana haja hata ya kuuliza.

Kuna dada wa saluni hapa mtaani ameanza kuchoma fila, zile sindano za kujaza uso. Anasema anayo ya kudumu, unachoma mara moja basi, mashavu yote mawili shilingi 350,000, na anakufuata nyumbani. Nikiogopa sindano anayo kalamu ya presha. Mdogo wangu aliye Muscat ananiambia niende kwake nikafanyiwe huko, siku mbili nirudi. Mume wangu anasema hizo ni tamaa za uzeeni. Binti yangu wa miaka 19 naye kashasikia, anataka midomo.

Fila ina faida yoyote ya kiafya au ni urembo tu? Ya kudumu si ndiyo nafuu? Na ni lazima niseme natumia ARV?

Mama wa Tabata, Dar es Salaam

JIBU

Salama, dada. Ya kudumu ikatae, hata ukipewa bure. Mengine yote kwenye barua yako yanajadilika.

Kabla ya hapo tumjibu shemeji. Mashavu yako hayakuzama kwa uzee. Ni madhara ya dawa, hospitalini yanaitwa lipoatrofi. Stavudini, na zidovudini kwa kiasi kidogo zaidi, huvuruga mitokondria, vile vinu vinavyozalisha nishati ndani ya chembe za mwili. Chembe za mafuta zilizo chini ya ngozi ya mashavu, panja, mikono, miguu na makalio hudhoofika na kufa. Ndiyo maana uso na miguu yako vilikwenda pamoja. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziachane na stavudini kwa ajili ya madhara kama hayo. Mtu akibadilishiwa dawa, mafuta hurudi polepole kwa miaka, na usoni mara nyingi hayarudi yote. Kwa hiyo usimlaumu mtu CTC, wala usinunue vidonge vya kunenepesha: vitakupa tumbo, mashavu yabaki vilevile.

Faida ya kiafya ipo, ila tuipime kwa mizani yake. Fila haitibu kitu ndani ya mwili wala hairudishi mafuta yaliyokufa. Inajaza pengo. Lakini pengo hilo lina uzito wake: wapo walioacha ARV kwa kuogopa sura hiyo, na wapo waliojifungia ndani. Ndiyo maana Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilipoidhinisha asidi ya polilaktiki Agosti 2004, iliidhinisha kwa mashavu ya watu wenye VVU. Makunyanzi ya watu wengine yalisubiri hadi 2009. Desemba 2006 ikafuata haidroksiapataiti ya kalsiamu, nayo kwa kazi hiyohiyo. Na tangu Machi 2010 Medicare, bima ya serikali ya Marekani, hulipia sindano hizi kwa mwenye VVU ambaye sura imemtia sonona. Kwetu usitegemee bima, utalipa mfukoni. Lakini ukiambiwa ni anasa, jibu unalo.

Sasa nenda CTC kwanza kabla ya kwenda kwa mtu yeyote mwenye sindano. Muulize mtoa huduma mambo mawili. La kwanza, kidonge chako cha sasa kina nini ndani. Kikiwa ni cha tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, vizuri, hakiendelei kula mafuta ya uso. Kikiwa na zidovudini, uliza kama kinaweza kubadilishwa, kwa sababu kujaza shavu huku dawa inaendelea kulimega ni kumwaga fedha. Usiache dawa wala kujibadilishia mwenyewe. La pili, hakikisha uso haupungui kwa sababu nyingine. Kilo 64 zinatulia, hiyo ni habari njema. Ungekuwa unakonda sasa hivi, una kikohozi au jasho la usiku, tungesema kapime kifua kikuu na sukari, mashavu baadaye. Hata meno ya nyuma yakishang'olewa shavu huzama, na hapo anayehitajika ni daktari wa meno.

Turudi kwenye kilichomo ndani ya bomba, maana "fila" ni jina la kundi, na vilivyomo kwenye kundi hilo havifanani hata kidogo.

Inayotumika zaidi duniani ni jeli ya asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho mwili wenyewe unacho kwenye ngozi na maungio. Kwenye mashavu hukaa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kwenye midomo miezi 6 hadi 12. Sifa yake kubwa, na kwa maoni yetu ndiyo inayopaswa kuamua, ni kwamba inayeyushwa. Kuna kimeng'enya kinachoitwa hayaluronidesi. Kikichomwa mahali pale jeli huanza kuyeyuka ndani ya saa chache. Mengine yote tutakayoyataja hapa hayana dawa ya kuyaondoa.

Asidi ya polilaktiki ni unga. Daktari huuchanganya na maji tasa na kuuchoma chini ya ngozi, nao huuchochea mwili utengeneze kolajeni yake, protini inayoshikilia ngozi. Usitegemee kuona kitu wiki ya kwanza: ule uvimbe wa siku hiyo ni maji tu, utanywea. Inahitaji mizunguko kadhaa, mara nyingi mitatu hadi sita, ikipishana kwa wiki nne au zaidi, na matokeo yanaweza kufika miaka miwili. Tatizo lake ni vinundu vigumu chini ya ngozi, hasa unga ukichanganywa na maji kidogo mno au ukichomwa juujuu. Ndiyo maana wagonjwa huelekezwa kusinga mashavu dakika 5, mara 5 kwa siku, kwa siku 5. Haidroksiapataiti ya kalsiamu ni chembe za madini yaleyale ya mfupa ndani ya jeli. Hukaa kama mwaka au zaidi, na huonekana kwenye picha za CT, kwa hiyo mtu wa mionzi aambiwe asije akaidhania ni ugonjwa.

Ya kudumu sasa. Mara nyingi huwa ni silikoni ya maji au punje za plastiki ya PMMA. FDA haijawahi kuidhinisha silikoni ya maji kwa kuchomwa ili kujaza uso au makalio. Mafuta ya silikoni yaliyoidhinishwa ni ya tiba fulani za ndani ya jicho. Ikiingia kwenye nyama huhama, hujenga vinundu, na ikiingia kwenye mshipa huenda kuziba mapafu. Daktari akitaka kuitoa itambidi akate na nyama uliyozaliwa nayo. Lakini tusiishie kwenye silikoni ya vichochoroni, kwa sababu utaambiwa ya kwako ni ya kisasa. Huko Ulaya na Kanada ilitumika jeli ya kudumu ya polialkilimaidi, kliniki halali, kwa wagonjwa walewale wenye mashavu kama yako. Mwanzoni walipendeza. Miaka ikapita, baadhi wakarudi na mashavu yaliyovimba usaha, kwa sababu jeli isiyoyeyuka ni maficho mazuri ya bakteria. Matibabu ya jino au kuchomwa tena usoni hutosha kuwaingiza. Halafu kuna jambo ambalo halihitaji utafiti: uso wa miaka 60 si uso wa miaka 47. Ngozi italegea na mafuta yatahama, lakini kile kipande kitabaki palepale kilipowekwa.

Ungekuwa unatuuliza sisi, mara ya kwanza tungechagua hayaluroniki. Itakugharimu kurudia, ndiyo. Lakini usipoipenda, au ikikosewa, kuna njia ya kurudi nyuma. Ukishaona sura inakufaa na umempata daktari aliyezoea polilaktiki, unaweza kuhamia huko.

Na hesabu ya 350,000 haiendani na kazi anayoisema. Bomba moja la fila huwa na mililita 1, ambayo ni moja ya tano ya kijiko cha chai. Mashavu yaliyobonyea kiasi huhitaji mililita 2 hadi 4 kwa jumla, yaliyozama sana huzidi hapo. Daktari mwangalifu huweka kidogo, husubiri wiki mbili uvimbe utulie, ndipo huongeza. Kwa hiyo usiulize bei ya mashavu, uliza bei ya bomba moja na idadi anayokadiria. Anayekupa bei moja kwa mashavu mawili bila hata kukupapasa uso, ama anakadiria hewani ama bidhaa yake haina thamani.

Kinachotutisha zaidi kwa dada wa saluni ni mshipa wa damu. Ateri ya uso hupanda kutoka taya, hupita kwenye shavu, ikafika pembeni ya pua na kuungana na matawi ya ateri inayolisha jicho. Jeli ikiingia ndani ya mshipa huo kwa kusukumwa kwa nguvu, inaweza kurudi kinyumenyume hadi jichoni, mtu akapofuka pale pale kwenye kiti, au ikafika kwenye ubongo akapata kiharusi. Si jambo la kila siku, ni nadra. Hatari zaidi ni katikati ya nyusi, pua na paji la uso, lakini panja nazo zimo, nawe umezitaja. Linalotokea mara nyingi kidogo ni kuziba tawi linalolisha ngozi, na ngozi iliyokosa damu hufa. Anayejua kazi hupunguza hatari hiyo kwa kutumia kanyula, sindano butu ya tundu la pembeni, mahali panapofaa, kwa kusukuma polepole kiasi kisichofika mililita 0.1 kwa wakati, na kwa kusimama mara moja ukilalamika maumivu makali.

Vitabu vingi vinasema dalili ya kwanza ni ngozi kuwa nyeupe. Kwenye ngozi yetu nyeusi weupe huo unaweza usionekane kabisa, na hapo ndipo saa za thamani hupotea. Fanya hivi: bonyeza shavu kwa kidole sekunde 5, achia, linganisha na upande wa pili. Rangi irudi ndani ya sekunde 2 au 3. Ikichelewa upande mmoja, kuna shida. Fumbua na mdomo utazame ndani ya shavu na ufizi. Dalili nyingine ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, ngozi kuwa ya baridi, madoa ya kijivu au zambarau yenye umbo la wavu, na siku ya pili au ya tatu vipele vidogo vya usaha. Wengi hudhani hivyo ni chunusi.

Tiba yake kwa hayaluroniki ni hayaluronidesi nyingi na mapema. Utaratibu unaotumika sana ni yuniti 500 kwa eneo moja la uso, kama mdomo wa juu au pua, zikirudiwa kila saa hadi damu irudi. Eneo likiwa kubwa dozi huongezeka. Kwa hiyo kabla hujakaa kwenye kiti uliza swali hili: hayaluronidesi ipo humu ndani, leo, na ngapi? Asiyekuwa nayo, au anayeijibu kwa kucheka, muage. Kama umewahi kuvimba vibaya kwa kuumwa na nyuki au nyigu mwambie, maana kimeng'enya hicho kinaweza kukuletea mzio.

Jicho likipoteza nuru, likauma ghafla au kope likaanguka, usirudi nyumbani kupumzika. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hustahimili kukosa damu kwa dakika 60 hadi 90 hivi. Mchomaji aanze hayaluronidesi hapohapo huku gari linatafutwa la kukupeleka hospitali yenye kitengo cha macho, kama Muhimbili. Nawe unaijua foleni ya Barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni. Chagua miadi ya asubuhi, siku ya kazi, mahali palipo karibu na hospitali kubwa. Sebuleni kwako hapafai, hata pakiwa pasafi namna gani.

Kalamu ya presha ni mbaya kuliko sindano. Inarusha jeli kupitia ngozi kwa nguvu, na anayeishika hawezi kudhibiti inafika kina gani wala inatua kwenye nini. FDA ilitoa onyo dhidi yake Oktoba 2021. Kuhusu usafi wa vifaa: huko Albuquerque, New Mexico, watu waliambukizwa VVU kwa huduma za urembo za sindano kwenye saluni isiyo na leseni, na wa kwanza aligundulika 2018. Wewe virusi vyako vimefubaa, lakini homa ya ini haijali hilo, na bomba la jana la mteja mwingine hulijui.

Basi mtafute daktari, wa ngozi au wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Usione aibu kuulizia usajili wake. Fila kisheria ni kifaa tiba, iko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa hiyo omba kuona boksi likiwa halijafunguliwa, jina, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Piga picha. Boksi hizo huwa na stika ya kubandika kwenye faili lako. Omba ya pili ukae nayo, kwa sababu mwaka kesho uvimbe ukitokea, daktari mwingine atataka kujua ni kitu gani kiliingia.

ARV useme. Tunajua kwa nini unauliza, lakini sababu ya kusema ni dawa kwa dawa. Vinundu vikitokea baada ya fila, mara nyingi hutibiwa kwa kuchomwa triamsinoloni, dawa jamii ya steroidi. Mtu anayetumia ARV zenye ritonaviri, kama zile za mstari wa pili zenye atazanaviri, mwili wake hushindwa kuiondoa triamsinoloni. Hujikusanya, uso ukavimba mviringo, sukari na presha vikapanda, tezi zinazotoa homoni zake za asili zikalala. Sindano moja ndogo inaweza kufanya hivyo. Wewe kwa kidonge kimoja kwa siku huenda hauko kwenye kundi hilo, ila daktari hawezi kukisia. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka atunze siri ya hali yako. Mtajie pia dawa za kuyeyusha damu, aspirini ya moyo (usiiache bila ruhusa), makovu yanayovimba kama unayo, mzio wa dawa ya ganzi, na vidonda vya homa vya mdomoni, ambavyo sindano huviamsha.

Muscat ina madaktari wazuri, shida ni mbili. Siku mbili hazitoshi: uvimbe wa kawaida huchukua siku tatu, michubuko hadi wiki mbili, na maambukizi au vinundu huja baada ya wiki au miezi, ukiwa tayari uko Tabata na aliyekuchoma yuko ng'ambo. Ya pili, nchi za Ghuba huwapima VVU wanaoomba kibali cha kuishi, na anayelijua hilo hushawishika kumficha hata daktari. Tumeshaona kuficha kunakopeleka.

Ukishapanga siku, usifanye kazi ya meno wiki mbili kabla na wiki mbili baada. Ukiwa na mafua, jipu au jino linalouma, ahirisha. Usiku wa kwanza lala chali, kichwa juu kidogo. Kwa maumivu tumia parasetamoli, siyo ibuprofeni inayoongeza michubuko. Siku mbili bila mazoezi mazito, mvuke wala jiko la mkaa la muda mrefu. Usisinge mashavu ya hayaluroniki usipoelekezwa; kusinga ni kwa polilaktiki.

Kuhusu binti: FDA imeidhinisha fila za midomo kwa wenye miaka 22 na kuendelea, kwa hiyo huyu wa miaka 19 bado. Kwa jinsi tunavyowajua vijana, katazo litampeleka kwa yule dada wa kalamu wewe ukiwa sokoni. Msomee ile aya ya mshipa wa damu, umwoneshe kwa kidole ateri ya mdomo inapopita. Akifika 22 na bado anataka, aende kwa daktari uliyemchagua wewe, aanze na nusu mililita.